Dada Yetu, Mpika Udongo wa Maabara

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mshonaji. Hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mama alipomwonya kwamba pasi ina moto, alihoji, "Nani kaishika?" Akaishika mwenyewe.

Alimaliza shule ya msingi 1971, sekondari 1977, na kupata stashahada ya kemia 1980. Mwalimu wa hesabu alimwita Shahidi wa Pili, maana kila jibu alilidai mara mbili.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa kwenye maabara ya udongo. Si udongo wa kuchimba. Waliutengeneza wenyewe kwa kemikali, wakautia ioni za metali, leo shaba, kesho nikeli, kisha wakauchoma tanurini kuona ni kwa joto gani ungegeuka kuwa madini mengine.

Mwaka 1994, udongo usiotiwa metali yoyote ulianza kugeuka mapema, kabla ya joto lililotarajiwa. Dada akanusa mkono wa mtu. Mwenye funguo za maabara alikuwa fundi wa mizani, aliyeitwa Bwana Mizani. Dada alibandika unywele wake kwenye vifuniko vya chupa aone nani atazifungua, akahesabu vijiko, akamwandikia mkuu wa maabara barua ya kumshtaki. Bwana Mizani alisimamishwa kazi wiki sita.

Hayupo, na udongo ukaendelea kugeuka mapema. Ndipo Dada akaanza kujishuku. Alibadilisha vyombo kimoja kimoja, akafika kwenye chungu cha chuma alichokichagua yeye. Utando wake wa ndani ulikuwa umepasuka, na kutu ilikuwa ikiingiza ioni za chuma kwenye udongo. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliandika barua nyingine, ndefu kuliko ya kwanza, akaenda kubisha hodi kwa Bwana Mizani.

"Nimekuja kukuomba radhi. Ni chungu changu."

"Umekipima mara ngapi?" Bwana Mizani aliuliza bila kufungua mlango.

"Mara tisa."

"Na mimi ulinipima mara ngapi?"

Dada alisimama pale pale mpaka mlango ukafunguliwa.

Dada alikuwa amefunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, tarehe 20 Septemba 1986, baada ya kumuulizia kwa mwenye nyumba wake, majirani na muuza magazeti. Shemeji anasema yeye hakumuulizia mtu, na hajajuta sana.

Alistaafu 2018. Februari 2023 figo zilianza kumsumbua. Kipimo cha kwanza alikikataa, cha pili akakikataa, cha tatu alikisoma, akaikunja karatasi yake. Kila kidonge alikilinganisha na karatasi ya daktari. Asubuhi ya tarehe 9 Juni mwaka huo huo, binti yake mkubwa alimpa dawa, naye akafungua kinywa tu. Binti alitoka chumbani akatupigia simu: "Njooni. Mama hajauliza ni ya nini."

Alifariki siku hiyo hiyo saa tano na dakika ishirini, sote tukiwepo.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na wadogo zake watatu, nikiwemo mimi ninayewasomea.

Mungu ampokee dada yetu, naye apumzike sasa.