Kikombe Chekundu cha Clarisse

DATIVE: Haloo? Haloo, ni nani? Sema kwa nguvu, huku ndani batoto banalia.

EUGÉNIE: Sauti yangu umeisahau? Na tulikulia mutaa moja kule Kadutu.

DATIVE: Eugénie. Habari ya jioni. Uko wapi?

EUGÉNIE: Niko huku ng'ambo, Nguba, karibu na pont, ile daraja ya Ruzizi, hapa mtandao ya Rwanda inafika. Barriere ya mpaka imefungwa mapema, basoda, bale baaskari, banasema bunduki inalia upande wa chini. Lakini usinipe habari ya jioni. Sikukupigia juu ya salamu.

DATIVE: Ni vizuri umepiga. Tangu mchana nilikuwa natafuta—

EUGÉNIE: Ngoja. Mi njo nimepiga, mi njo nitasema. Ndugu yangu Balagizi alifika pale kwako?

DATIVE: Alifika, lakini—

EUGÉNIE: Basi. Kama alifika, mutoto wangu ametoka mu mikono yako. Nilimutuma amuchukue na asirudi naye tena. Sasa naweza kukuambia yote bila kuogopa.

DATIVE: Eugénie, nisikilize kwanza. Clarisse—

EUGÉNIE: Usitaje jina ya mutoto wangu. [mtandao unakwaruza] …unanisikia?

DATIVE: Nakusikia.

EUGÉNIE: Asubuhi ya leo, batoto balikuja wengi mu garderie yako, pale Kamembe unachungia batoto ya bamama ba soko?

DATIVE: Kidogo.

EUGÉNIE: Kidogo, eh? Kesho hakuna hata mumoja. Na we hauulizi juu ya nini.

DATIVE: Juu ya nini?

EUGÉNIE: Juu ya mi. Tangu asubuhi nilisimama pa pont, pale bamama ba samaki ya sambaza banapita na beseni. Kila mumoja nilimuvuta pembeni. Nikamwambia, mama, ule mwanamke wa garderie, Dative, iko anapatia batoto karuho, ile sumu ya pole pole. Anaitia mu uji. Mutoto anakonda, anakonda, kisha unazika, na yeye anakuja kulia pa matanga yako.

DATIVE: Ulisema vile.

EUGÉNIE: Nilisema vile. Na bale ba kisiwa ya Nkombo banateremuka mu mitumbwi, nikawaambia pia. Na bale ba Nkanka. Mpaka saa nne soko yote ya Kamembe ilikuwa inaimba jina yako. Unaumia?

DATIVE: Endelea.

EUGÉNIE: "Endelea." Uko na roho ngumu, we. Sawa. Hata simu imeze mayuniti yangu yote, leo nitaendelea. Nilimuona, Dative. Ile siku nilirudi mapema, nikachungulia mu seng'enge. Batoto bote balikuwa mu mukeka moja, banapokezana bikombe ya uji, banacheka. Na wangu? Peke yake chini ya dirisha, ku kipande ya gunia, na kikombe yake chekundu. Kama mwenye ukoma.

DATIVE: Uliona vile.

EUGÉNIE: Kwetu muntu akikutengea kikombe, amekuambia uko muchawi, ao uko na ugonjwa ya haya. Hata maskini akikutembelea unakunywa naye mu kikombe moja ili ajue hakuna kitu mu roho. Na we ulikulia kwetu, unajua. Ulifanya makusudi.

DATIVE: Na ulifikiri juu ya nini nifanye vile?

EUGÉNIE: Unajua.

DATIVE: Sijui. Niambie.

EUGÉNIE: Juu ya mwaka wa tisini na sita. Usijifanye mujinga. Ile siku bantu balikuja kufukuza Banyarwanda mu mutaa, na mama yako akapita pa mulango yetu… Haujasahau, na mi najua haujasahau. Umekaa miaka yote hii unangoja. Ukapata mutoto wangu mudogo hivi, ukasema, sasa nitalipiza.

DATIVE: Mama yangu alipita pa mulango yenu kufanya nini?

EUGÉNIE: Dative—

DATIVE: Wewe njo umeanza. Alipita kufanya nini?

EUGÉNIE: [mtandao unakwaruza] …aliomba maji, na hatukumufungulia.

DATIVE: Ehe. Endelea na ya kikombe.

EUGÉNIE: Nitaendelea, ndiyo. Ile kikombe yako niliitupa. Siku ya kwanza ya juma nilikuja kumuchukua, we ulikuwa nyuma unafua. Nikaikamata pa dirisha, nikaitia mu kitenge, nikafika katikati ya pont, nikaitupa mu Ruzizi. Ilizunguka kidogo, kisha ikazama. Nilifurahi vraiment. Ile usiku nililala kama mutoto.

DATIVE: Tuliitafuta ile kikombe. Tuliinua hata mikeka.

EUGÉNIE: Mutafute tena, iko njiani kwenda Uvira. Na Clarisse nilimufundisha. Nilimukalisha hapa ku magoti nikamwambia, ule mwanamke akikutengea kitu, usikunywe. Chochote anakupatia kwa mukono yake, usikunywe, iko sumu. Kunywa mu bikombe ya benzako. Kaa katikati yao, kula mu sahani yao. Alinielewa sana. Iko na akili, ule mutoto.

DATIVE: Alikuelewa, ndiyo.

EUGÉNIE: Sasa sema kitu. Kasirika. Nimekumaliza, Dative. Garderie imekwisha. Utarudia wapi sasa, huku kwetu ao huko kwenu?

DATIVE: Umemaliza?

EUGÉNIE: Nimemaliza.

DATIVE: Hakuna ingine umebakisha?

EUGÉNIE: Hakuna.

DATIVE: Kama uliamini kweli mi natia sumu mu uji, asubuhi ya leo uliniachia mutoto juu ya nini?

EUGÉNIE: Sikuwa na kwa kumuacha. Ilikuwa siku ya soko.

DATIVE: Haukuamini. Ulijua ni uongo. Sawa. Sasa na mi niseme, na usinikate. Bomba yetu ilikauka, tukachota maji ya ziwa. Mutoto mumoja wa Nkombo akaanza kuhara damu. Kisha ndugu yake. Kisha, karibu bote. Mufirmie, muuguzi wa zahanati, alikuja hapa mwenyewe.

EUGÉNIE: Hayo yote ni ya nini?

DATIVE: Nimesema usinikate. Akasema, chemsheni kila tone, muoshe mikono na sabuni kabla ya uji, bale banahara sana balale chumba ya nyuma. Tulitaka kufunga, bamama mukakataa, eti nani atabaki na batoto soko ikifunguka. Kisha akamuangalia Clarisse. Akamushika mukono hivi, akauliza, huyu alikuwa na nini? Nikasema ametoka mu surua, hajarudisha mwili. Akasema, bale bengine batahara na batapona, lakini huyu ikimushika haitamuacha. Huyu musimuchanganye na mutoto yeyote.

EUGÉNIE: [mtandao unakwaruza] …umesema nini? Musimu—

DATIVE: Musimuchanganye. Yeye peke njo alikuwa hajashikwa. Njo nilimununulia ile kikombe. Nilichagua chekundu juu batoto bengine basiikosee. Niliichemsha mimi mwenyewe, asubuhi na mchana. Nilimukalisha pa dirisha juu pale njo upepo safi inaingia, na nilikuwa nakaa naye, namuimbia, asione yuko peke yake. Hiyo haukuiona mu seng'enge?

EUGÉNIE: Haukuniambia. Muntu anaambia muntu!

DATIVE: Nilikuita pa getini. Kila asubuhi. Unaachilia mutoto kama mufuko ya unga, unaenda, haurudishi hata salamu. Nilipiga mbio nyuma yako mpaka barabarani, bantu banaangalia. Ulisema, "Niko na haraka," na haukugeuza kichwa.

EUGÉNIE: Dative… Balagizi amemufikisha kwake?

DATIVE: Balagizi ameenda kutafuta gari.

EUGÉNIE: Gari ya nini?

DATIVE: Ya hospitali.

EUGÉNIE: Hapana.

DATIVE: Kesho yake ya kikombe kupotea, nilimukuta chini ya meza, anakunywa mu kikombe ya mwenzake Benitha, na Benitha njo alikuwa anahara kuliko bote. Nilimupokonya, alinikimbia. Tangu jana usiku, nafikiri, ilikuwa imemushika, na we ulimuleta asubuhi haukuangalia hata nguo yake. Iko hapa ku magoti yangu. Midomo imekauka. Macho imeingia ndani.

EUGÉNIE: Yesu wangu. Na uliniacha nasema? Muda huu yote, uliniacha nasema tu?

DATIVE: Nilijaribu, ukanikata. Nikajaribu tena, ukasema nisitaje jina yake. Kisha nikasema basi, amalize. Nilitaka kuisikia yote kwa kinywa yako. Nilitaka siku ingine yote ukumbuke ulikuwa unacheka wakati yeye iko hivi. Hiyo njo kisasi yangu, Eugénie. Ni hiyo peke, na imekwisha. Haitamufikia mutoto.

EUGÉNIE: Nakuja. Nitapita, hata bapige risasi.

DATIVE: Batakupiga, na yeye abaki bila mama. Kaa pale. Sikiliza, kuko kitu moja unaweza kufanya, na ni ya haraka. Niko na maji ya chumvi na sukari hapa, nimeichemsha, imepoa. Anatakiwa anywe kidogo kidogo mpaka gari ifike.

EUGÉNIE: Mupe. Unangoja nini? Mupe mu kile kikombe chekundu, anaipenda—

DATIVE: Kile umetupa mu Ruzizi. Nimemujaribu na kijiko, na kopo, na mukono. Anafunga meno. Anageuza uso. Unajua ananiambia nini? "Mama alikataza."

EUGÉNIE: Dative, nakuomba. Mulazimishe.

DATIVE: Nikimulazimisha anatapika yote. Balagizi alijaribu naye, anauliza maji imetoka mu mukono ya nani. Hakuna muntu anaweza kutoa ile neno mu kichwa yake, isipokuwa ule aliitia. Nitaweka simu ku sikio yake.

EUGÉNIE: Weka. Weka sasa. [mlio mfupi] Ile ni nini? Ni mayuniti, inaniambia mayuniti inaisha. Weka haraka.

DATIVE: Nafungua kwanza dirisha, na simu naitia spika. Bale bamama ba pa pont beko hapa uwanjani, bamekuja kutoa batoto yabo. Utasema kwa nguvu, basikie.

EUGÉNIE: Unataka kuniaibisha na mutoto yuko—

DATIVE: Nataka, ndiyo. Sitakudanganya. Lakini nataka pia basirudishe bale batoto bagonjwa mu mitumbwi leo, bakachafue kisima ya Nkombo yote. Ukisema kimya kimya batachukua batoto yabo baende. Simu iko ku sikio yake. Sema.

EUGÉNIE: Clarisse? Clarisse, mama. Ni mi.

CLARISSE: …Mama.

EUGÉNIE: Ndiyo, mama yako. Unaumia wapi? Mama yangu mudogo, mama anakuja, mama iko karibu sana, ninaona hata taa ya—

DATIVE: Eugénie, mayuniti.

EUGÉNIE: Clarisse, kunywa maji. Ile maji iko hapo, kunywa.

CLARISSE: Ni ya huyu.

EUGÉNIE: Ya nani?

CLARISSE: Ya huyu mwanamke. Ulisema iko sumu.

EUGÉNIE: [mlio mfupi] Sikia. Clarisse, sikia vizuri. Haiko sumu. Haijawa sumu hata siku moja. Mama alidanganya. [anapaza sauti] Mama yako njo alidanganya! Ni mi nilidanganya bantu bote, yeye hajafanya kitu! Kikombe yako ilikuwa nzuri, mama njo aliipoteza. Kunywa kila kitu anakupatia.

CLARISSE: Nani?

EUGÉNIE: Ule amekubeba.

CLARISSE: Anaitwa nani?

EUGÉNIE: [mlio mfupi] …Maman Dative. Kunywa kwa Maman Dative, mama. Yeye njo alikuwa anakukinga.

CLARISSE: Nikunywe yote?

EUGÉNIE: Yote. Yote, mama, kila tone. Na akikuongezea unaku—

DATIVE: Haloo? Eugénie? …Haloo?

DATIVE: Imekatika. Haya, Clarisse. Umesikia mama. Fungua kinywa.