Binti wa Fundi na Pete Zisizovaliwa

Kijiwe chao kilikuwa benchi moja refu mbele ya kinyozi, likitazamana na duka la dawa ng'ambo ya barabara. Asubuhi hiyo Fundi Bomba alifika, akaweka mfuko wake wa spana chini, akapokea kikombe cha kahawa na kukishika tu bila kunywa. Kinyozi, ambaye wote walimwita Redio kwa kuwa habari hazilali kwake, alimtupia jicho mara moja akajua kuna jambo. Wa tatu walimwita Wakili, ingawa alikuwa tarishi mstaafu wa mahakama tu, mtu asiyekubali kushindwa hoja hata na mvua.

Fundi akawaeleza. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amepiga simu. Ijumaa angesimama mbele ya maprofesa kutetea utafiti wake wa hesabu, na alimwomba baba yake aende. Fundi alimjibu kwamba ataangalia kazi zitakavyokuwa.

— Utafiti wa nini hasa? Redio akauliza.

— Wa pete.

Redio akaweka kitana chini.

— Hapo umeshaambiwa, ila hujasikia. Mtoto wa kike hamwambii baba yake kavukavu kwamba amepata mchumba. Anapitia kwenye pete.

— Ni hesabu, Redio. Kuna pete, halafu kuna kitu kinaitwa homomofizimu, kinatoka pete moja kwenda pete nyingine.

— Kama ni hivyo, wachumba ni wawili.

Wakili hakukubali. Neno refu kiasi hicho, alisema, halikosi kuwa ugonjwa, tena aliwahi kulisikia katika kesi ya mtu aliyemeza ufunguo. Redio akaruka upande mwingine: ni mtambo, watu wanaingia huku wakiwa na majina, wanatokea kule namba tupu. Kufikia kikombe cha pili, binti wa Fundi alikuwa na wachumba wawili, mtambo, na mlinzi wa kuulinda usiku na mchana.

Fundi aliwaacha mpaka wakachoka, kisha akawaeleza kama alivyoelezwa. Tazama saa ya ukutani. Ni saa kumi, ongeza saa tano: hupati saa kumi na tano, unapata saa tatu. Namba za saa zinazunguka, lakini bado unazijumlisha, unazitoa, unazizidisha, na hutoki nje ya saa. Mkusanyiko wa namna hiyo ni mfano mmoja wa pete. Sasa chukua namba zetu za kawaida uzipeleke kwenye saa: kumi na nne inakuwa mbili, kumi na tano inakuwa tatu. Uzidishe kwanza ndipo upeleke, au upeleke kwanza ndipo uzidishe, utafika palepale. Kujumlisha nako vivyo hivyo. Upelekaji huo usiovuruga hesabu ndio homomofizimu.

Wakili akaokota kipande cha chaki akaandika sakafuni. Kumi na nne mara kumi na tano, mia mbili na kumi. Akapunguza kumi na mbili, kumi na mbili, mpaka akabakiwa na sita. Mbili mara tatu, sita. Akafuta, akarudia kwa ubishi. Sita tena.

— Sasa kama umeelewa yote haya, akasema, unaogopa nini?

— Hapo ni mlangoni tu, alisema Fundi. Mwenyewe aliniambia, huko ndani ni mbali. Nitakaa pale kama mfuko wa saruji. Mama yake, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa mtu wa shughuli hizo. Mimi nitamwaibisha mtoto.

Wenzake walimhurumia, na kwa huruma hiyo wakamsaidia kukwepa. Redio alisema ampigie simu mapema amtakie heri, inatosha. Wakili akaongeza kwamba mambo ya wasomi wawaachiwe wasomi, pongezi zitafuata. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Alijiona ametuliwa mzigo, lakini moyo haukutulia.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mama mmoja asiyemfahamu yeyote, akisubiri duka la dawa lifunguliwe. Akageuka.

— Mniwie radhi, mimi mpita njia tu. Hiyo Ijumaa, wa kwao huyo binti atakuwa nani?

Redio akamtazama Wakili. Wakili akaitazama chaki mkononi. Duka likafunguliwa, na yule mama akavuka barabara.

Ijumaa Fundi alikaa safu ya nyuma, kola imembana, ubao mbele yake umejaa alama ambazo hajawahi kuziona. Hakuambulia hata sentensi moja. Mwishoni profesa mmoja mwenye mvi akauliza swali, na binti akanyamaza. Watu wakaanza kuinamisha macho, Fundi hakuinamisha. Kisha binti akashika chaki, akaandika taratibu mistari michache, na profesa akaandika kitu akitabasamu.

Walipotoka nje, binti alimshika mkono.

— Baba, pole. Najua hukuelewa kitu.

— Kimoja nilikielewa. Yule mzee alipokuuliza ukanyamaza, wenzako waliingiwa na hofu. Mimi nilijua unalo jibu.

— Ulijuaje?

— Ukikosa jibu, mwanangu, huwa unaongea sana.