Viazi vya Ua Moja vya Mama Fortunata

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Nélida, mtoto wa mwisho, nasimama kuwasomea maisha ya mama yetu, Fortunata Ccahuana.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 hapa Qollpamayo, wilaya ya Paucartambo, akasoma shule hapahapa, kisha chuo cha kilimo mjini Cusco, akahitimu mwaka 1983 na kuajiriwa katika kituo cha utafiti wa viazi, kazi yake ikiwa kupandanisha maua ili kupata aina mpya.

Tarehe 8 Agosti 1986 alifunga ndoa na baba yetu Leoncio, wakajaliwa Rufino, Hilda, na mwaka 1992 mimi, mwenye macho ya kijani na nywele za mawimbi, na hapo maneno yakaanza. Mama mkwe wake, bibi Asunta, ambaye maisha yake yote alifukia kiazi akavuna kilekile, alitangaza kwamba mtoto asiyefanana na yeyote kwetu si wa nyumba hii, akakataa kushika mkasi wa kunikata nywele za kwanza, na bila mkono wa bibi mtoto hahesabiwi kuwa wa ukoo.

Mama hakugombana. Alifunika ua moja la kiazi kwa kitambaa, nyuki wasiingie, akalichavusha kwa chavua yake lenyewe, akapanda mbegu za tunda lake, na Mei 1995 akamwita mkwewe shambani, wakafukua viazi vidogo vyeupe, vyekundu, vya zambarau, vingine vyembamba kama kidole.

"Hivi vyote, mama, vimetoka ua moja," alimwambia. "Kiazi ukikifukia kinajirudia, mbegu haijirudii."

Akamweleza kwamba nyuzi za urithi hushikana mbilimbili, hubadilishana vipande, kisha hugawanyika nusu kwa nusu, kila chavua na kila kijiyai kikiondoka na mchanganyiko wake, na kwamba kwa watu ni vivyo hivyo, hata macho ya babu aliyesahaulika huweza kuibuka. Bibi alijaza viazi kwenye shuka yake, na mwezi Julai akashika mkasi.

Mama aliugua mapafu kuanzia 2021, akafariki tarehe 3 Juni 2023 mjini Cusco. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, na majirani mliochimba kaburi kwenye baridi hii.

Bibi Asunta, aliyeketi hapa mbele, asubuhi hii ameniomba niwasomee kwamba alimkosea mkwewe, na kwamba alinikata nywele lakini miaka yote ile hakumwomba radhi. Mama, umeombwa radhi, lala kwa amani.