Aliyekuwa Akiiamsha Klasta Wakati wa Masika

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wetu Bwana Severini, wajumbe wa bodi, masheikh na mapadri mliopo, wanachama mliotoka Ruponda, Mnero na kule Mbwemkuru, mabibi na mabwana.

Mtanisamehe nikizungumza nimekaa. Miguu imegoma, na daktari amekwisha kunieleza waziwazi kwamba nisipange mambo ya msimu ujao. Kwa hiyo ile hotuba ya kuagwa niliyoandikiwa na ofisi, nzuri kweli, nimeiacha nyumbani. Naanza na jambo nililowaficha tangu masika ya mwaka juzi. Namjua mtu aliyekuwa akiiamsha klasta yetu wakati imelazwa. Namjua kwa jina, na si Kulthumu, binti yetu wa mitambo.

Tulieni kwanza. Mzee Bakary, kaa, nitafika huko.

Kwa wageni wetu, klasta ni kompyuta kadhaa zilizounganishwa zikafanya kazi kama moja. Za kwetu hazipo Nachingwea wala Ruangwa. Tunazikodi kwa mtandao, ziko mbali, na humo ndimo zilimo kumbukumbu za kila mkulima wa muungano wetu huu wa ushirika: shamba lake liko wapi, mikorosho yake ni mingapi, ameleta ufuta wa daraja gani. Tulipoanza, klasta ilikuwa ndogo, na sisi tulikuwa wageni zaidi kuliko hiyo klasta yenyewe. Nakumbuka mnada wa kwanza wa ufuta, maswali yalipozidi ikawa inajibu kwa kujivuta, na ukumbi huu umejaa watu wenye hasira. Kulthumu akasimama akasema, "Vumilieni, wazee wangu, naongeza mashine." Mzee Bakary akamuuliza, "Unaziongeza wapi, binti? Mbona lori sijaliona?" Tulicheka, lakini kabla kicheko hakijaisha majibu yakaanza kushuka kama mvua.

Ndivyo tulivyojifunza. Ufuta ukiingia tunaikuza, korosho zikiingia tunaikuza zaidi, mnada wa mwisho ukipita tunaipunguza, tunachukua nakala, kisha tunailaza. Ikilala, kumbukumbu zinabaki salama, mashine zinapumzika na hatulipii kazi isiyofanyika. Sasa, mnajua desturi yetu ya kufunga msimu: ghala linafagiliwa mpaka sakafu ing'ae, tunakula pamoja, na maneno ya kilo za msimu uliopita hayarudiwi tena. Mwaka ule wa kwanza tukataka kumbukumbu nazo zifagiliwe. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilinyoosha mkono pamoja na wengine. Ni nani aliyetuzuia? Binti huyu, aliyekuwa hata mwaka hajaumaliza kazini. Alisema, "Mwalimu, kuilaza tunaweza kuiamsha. Kuifuta hatuwezi. Mtu akidhulumiwa shamba lake mwakani, tutamwonyesha nini?" Na kweli, barabara ilipopita katika mashamba ya Mnero, wajane walifika kudai fidia wakauliza mikorosho ya waume zao, na tukawaonyesha mti kwa mti.

Huyo ndiye mtu ambaye kesho bodi inakaa kuamua kama atafukuzwa kazi.

Kosa lake ni lipi? Kwamba katika miezi ya masika, wakati mashamba yanapaliliwa na hakuna hata gunia moja linalopimwa, klasta imekuwa ikionekana iko macho. Inaamka alasiri, hakuna swali lolote inaloulizwa, kisha inalazwa tena. Gharama zikapanda, maneno yakapanda zaidi. Ruponda wakasema ni jini. Mbwemkuru wakasema kuna mtu anauza habari za wakulima kwa wanunuzi. Bodi ikahesabu watu wenye ufunguo wa akaunti kuu, ikapata wawili, Kulthumu na mimi. Ikasema, mzee wa watu huyu ataamsha mitambo akafanyie nini? Ikabaki na mmoja.

Ndugu zangu, mliniheshimu mno. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiamsha. Hakuna habari iliyouzwa, hakuna jina lililoguswa. Nilikuwa naiamsha, nakaa, nailaza.

Najua mnauliza kwa nini, na wengine mnasema uzee umenipanda kichwani. Subirini.

Siku tulipofungua akaunti hii nilikuwa nyumbani Mnero na kompyuta ya ofisi juu ya meza. Mtandao ukataka namba ya simu, ili kila tunapofanya jambo kubwa, kuamsha, kukuza au kufuta, utume tarakimu za kuthibitisha. Simu yangu ilikuwa dukani inachajiwa. Marehemu mke wangu, Sikudhani, akatoka jikoni na unga wa muhogo mikononi, akasema, "Weka ya kwangu, si namba tu?" Nikamwambia, "Mama Shakila, hii ni mali ya ushirika." Akanijibu, "Na mimi si mwanachama? Au mikorosho yangu inazaa maua matupu?" Nikaiweka. Tangu siku ile, wakulima wote wa wilaya mbili walikuwa wakilindwa na kisimu cha batani kilichofungwa kwenye pindo la kanga.

Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri herufi ndogo. Ujumbe ukiingia, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Alinitania sana: "Wenzangu waume zao wanawaletea kitenge, wa kwangu ananiletea tarakimu."

Alipofariki, simu ikabaki nami. Mmeniona nayo hapa kwenye mfuko wa koti, na najua mliyoyasema. Lukasi wa mizani alithubutu hata kuniuliza, "Mwalimu, simu ya pili hiyo ni ya mke mdogo?" Nikamwacha acheke. Kulthumu yeye hakucheka. Alikuja na pendekezo la kuhamishia akaunti kwenye namba ya ofisi, nikamwambia korosho zimekaribia, tusiguse kitu. Korosho zilipokwisha akalileta tena, nikamwambia tungoje ufuta. Bodi ikaandika kwamba Mwalimu Hamidi ni mtu wa tahadhari. Haikuwa tahadhari.

Siku moja akanifuata hadi nyumbani. Maneno ya bodi yalikuwa yameanza. Akaniuliza kwa adabu, macho ameyaelekeza chini, "Mwalimu, ile simu ya bibi bado iko hewani?" Nikamjibu, "Ipo." Akasema, "Basi iwe na chaji." Akaaga, akaondoka. Alikuwa amejua. Angeweza kuiambia bodi asubuhi yake na kulisafisha jina lake, lakini alinistahi mimi, akakubali kuitwa mwizi na watu aliowatunzia kumbukumbu zao. Mwenyekiti Severini, naomba kikao cha kesho kisimuulize swali hata moja. Mniulize mimi, na kama sitafika, haya niliyosema hapa ndiyo majibu yangu. Na wewe Kulthumu, mbele ya hawa wote, nakuomba radhi. Nilikuacha uchafuke kwa ajili ya kitu kilichonihusu mimi peke yangu.

Leo tunaiaga klasta ya zamani. Kumbukumbu zote zimehamia katika mpya, kwa akaunti yenye jina la muungano na namba ya ofisi, kama ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Nakala ya mwisho imechukuliwa na imekaguliwa, hakuna mkulima aliyeachwa njiani. Kilichobaki ni kuifuta hii kuukuu. Ikifutwa, haitatuma tena tarakimu kwa simu hii.

Nawashukuru ninyi mliotoka mbali, nakushukuru mgeni rasmi kwa kuusubiri ujumbe wa mzee, nawashukuru nyote kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Kulthumu, mwanangu, bonyeza. Mimi nitaiweka simu hapa karibu na kipaza sauti.

Tusubiri. Mtandao wetu mnaujua.

Tukiwa tunasubiri, nimalizie. Sikudhani alikuwa anachanganya milio ya simu, hajui ipi ni ya kupigiwa na ipi ni ya ujumbe. Binti yetu Shakila akamrekodi sauti yake mwenyewe, akaiweka iwe mlio wa ujumbe. Watu wote waliokuwa wakimwandikia wameacha, ikabaki klasta. Niliwahi kujitumia ujumbe mwenyewe, haikufaa, kwa sababu nilijua dakika utakayoingia. Wa klasta huchelewa. Nasahau, namimina chai, halafu naitwa.

Kwa hiyo hamtasikia kengele. Mtamsikia mwanamke anasema, "Baba Shakila, njoo unisomee!" Niliiamsha klasta yenu masika yote hayo ili mke wangu aniite.