Mzee Futi na Pikapu Isiyo na Makuu

Wasikilizaji wapendwa, kama una kazi mkononi, endelea nayo. Kama unapiga pasi, piga. Kama unamenya viazi, menya. Mtu tunayemkumbuka leo hakupenda watu waache kazi zao kwa ajili yake. Alikuwa akisema kazi ukiiacha inanuna.

Alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda. Mtaani walimwita Mzee Futi, kwa sababu ya ile futi ya chuma, ile ya kuvuta halafu inajirudisha yenyewe, iliyokaa kiunoni mwake kila siku ya Mungu. Na katika maisha yake alitaka kitu kimoja. Pikapu ndogo. Pikapu ya bei ya fundi, isiyo na makuu. Viti viwili mbele, na nyuma palale kitanda kizima. Basi.

Kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi, narudia. Seremala. Mzee Futi. Alitaka pikapu ndogo. Mwezi uliopita alituacha, na pikapu ilikuwa bado iko njiani.

Nilikwenda kwao kusalimia. Nilikaa kwenye stuli aliyoitengeneza yeye, nikakaa ukingoni tu, maana niliona aibu kuijaza. Karakana yake bado inanuka gundi na vanishi. Upande wa pili wa ukuta ni chumba cha mkewe, ambaye anashona mapazia. Chumba cha mama ndicho kinachotazama barabara, kina mlango mpana wa kukunja. Karakana ya mzee iko nyuma, ina mlango mwembamba wa pembeni. Naomba ushike hapo: karakana nyuma, chumba cha mapazia mbele, na katikati ukuta mmoja.

Ukuta ule ndio uliokuwa simu yao. Mama akigonga na mkasi, chai tayari. Mzee akijibu na nyundo mara moja, nakuja. Akijibu mara mbili, nimeshika gundi, nisubiri. Wageni walidhani wanagombana.

"Tulikuwa tunaongea," mama aliniambia. "Nyinyi mna meseji, sisi tulikuwa na ukuta."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kwa nini pikapu?

Mzee Futi hakutumia skrubu kwenye vitanda vyake. Alichonga ulimi kwenye mbao moja, akachonga tundu kwenye nyingine, akapaka gundi, akagonga, ikawa kitu kimoja. Kitanda cha Mzee Futi hakifunguliwi. Watu walimwambia, fundi, siku hizi vitanda vinakuja vipande vipande, mteja anafungia nyumbani. Akajibu, "Kiungo kikishalala na gundi hakiamshwi." Kwa hiyo kitanda kilitoka kizima. Kilipitishwa ubavu kwenye ule mlango mwembamba, kikapakiwa kwenye mkokoteni.

Mzee alishika mikono ya mkokoteni mbele. Shemeji yake, yaani kaka wa mama, alisukuma. Na kwa sababu kitanda kilikuwa kirefu kuliko mkokoteni, miguu ya kitanda ilichomoza nyuma. Ndipo mama akatembea nyuma yao, ameshika kitambaa chekundu kilichobaki kwenye pazia la mtu, anawapungia wenye magari ili wasije wakagonga. Hivyo ndivyo walivyopeleka vitanda. Mzee mbele, shemeji katikati, mama nyuma na kitambaa chekundu. Mvua, jua, kilima.

Kukodi gari walijaribu. Pikapu za siku hizi zina milango minne na sebule ndani, lakini nyuma ni padogo, kitanda kinasimama wima kama mtu aliyekosa kiti. Kitanda kimoja kilianguka hivyo, kikapasuka ubao wa kichwani. Mzee hakukodi tena.

Akaanza kupima. Popote alipoona pikapu imesimama, futi ilitoka kiunoni. Sokoni. Kituo cha mafuta. Nje ya msiba, Mungu amsamehe. Siku moja mlinzi alimkuta ameinama nyuma ya gari la bosi wake.

"We mzee, unampimia nani jeneza?"

"Hili gari lako," akasema. "Kichwa kinanenepa, mgongo unafupika. Limekufa siku nyingi, halijaambiwa tu."

Binti yake, ambaye ni fundi umeme wa majumbani, alimpeleka duka la magari. Binti anasema alijuta na alicheka siku hiyohiyo. Muuzaji, kijana mmoja amepiga tai, akawafungulia mlango wa pikapu kubwa kama nyumba ya kupanga. Akawaonyesha kioo cha kugusa. Akawaonyesha kamera. Akasema, "Na kiti hiki, mzee wangu, kinakukanda mgongo."

"Mwanangu, mimi nauza vitanda. Nikitaka kulala nina pa kulala."

"Sasa mzee unataka yenye nini?"

"Yenye magurudumu."

Hawakuuziana. Zile pikapu za zamani, za kawaida, za kuzungusha kioo kwa mkono, mwenye nazo haachii. Na zilizoachiwa zilikuwa kutu tupu kwa bei ya harusi. Mzee alirudi kwenye mkokoteni.

Kisha moyo wake ukaanza kusumbua. Akawa anasimama katikati ya kilima, anajifanya anatazama nyumba za watu. Daktari akamwambia bila kuzunguka: mkokoteni basi. Ukiendelea kuvuta, moyo huu hautakuvumilia. Hapo, wasikilizaji wapendwa, pikapu haikuwa tena ndoto ya mzee mwenye futi. Ilikuwa dawa. Ama pikapu ije, ama Mzee Futi aache vitanda, na vitanda hakujua kuviacha.

Binti ndiye aliyeleta habari. Kuna pikapu ndogo ya umeme. Viti viwili. Kioo unazungusha kwa mkono. Haina redio, samahani kwetu sisi. Nyuma inakuja chasisi tupu, bodi ya kubebea mzigo unajiwekea mwenyewe. Kwa sababu haina madoido, bei yake inashikika.

Mzee akakunja uso. "Gari lisilonguruma nitajuaje kama liko hai?"

"Na wewe hungurumi, baba. Mama anajuaje?"

"Mama yako anagonga ukuta."

Lakini akaenda kuijaribu. Alishika usukani, akasubiri. "Mbona haiwaki?"

"Imeshawaka, mzee wangu," muuzaji akamwambia.

Binti akadai wapakie mifuko ya saruji, wapande nayo kilima. Si kingine, kilekile cha mkokoteni. Ikapanda. Shemeji mtu, aliyekuwa nyuma juu ya saruji, anasema ilipanda kimya kama mtu anayekwenda kuomba radhi. Walipofika juu mzee hakushuka. Alikaa na mikono kwenye usukani, akamwambia binti, "Mama yako atakaa hapa." Akagusa kiti cha pembeni. "Hatembei tena nyuma."

Mke, binti, shemeji, wote wakachanga pesa. Pikapu ikaagizwa. Ingekuja kwa meli. Mzee akaambiwa asubiri tu.

Kusubiri hakujua. Akaanza kutengeneza bodi ya mbao ya kuweka nyuma ya pikapu. Aliitengeneza ndani ya karakana, kwa ulimi na tundu na gundi, kwa urefu wa kitanda chake kikubwa. Akaipaka vanishi. Akawaita waje kuona.

Shemeji yake akaizunguka ile bodi. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Akaketi chini, akaanza kucheka mpaka machozi.

"Shemeji! Umepima pikapu zote za mji huu. Mlango wako hukuupima?"

Bodi haikupita. Si ubavu, si kichwa, si kwa maombi. Mzee Futi, ambaye alipima hadi magari ya watu msibani, alijenga bodi isiyoweza kutoka.

Binti akasema, "Tuifungue, tukaifunge nje."

"Haifunguliwi."

"Baba, ni mbao tu."

"Kiungo kikishalala, kimelala."

Shemeji akasema tutoboe ukuta wa kati, tupitishe kwenye mlango mpana wa mapazia. Mama akatokea na mkasi mkononi. "Ukuta wangu hauguswi na mtu. Huyo atakuwa ananiitikia na nini?"

Mzee akajikuna kichwa. "Gari halijafika," akasema. "Likifika, mmoja atalegea." Na kila alipopita karibu na bodi alijifanya haoni.

Wasikilizaji wapendwa, hapa nisogee taratibu.

Meli ilichelewa. Kukawa na mteja, mama mjamzito, ambaye alikuwa analala chini akingoja kitanda. Kitanda kilikuwa tayari. Shemeji akasema atatafuta mtu wa kumsaidia, mzee abaki. Mzee akasema atakwenda kushika tu, hatavuta. Mnajua wazee wetu. Walipofika kilimani, akavuta.

Kitanda kilifika. Yule mama akakikalia akakipigapiga, akacheka. Mzee Futi akanywa maji, akasema asante.

Wakati wa kurudi mkokoteni ulikuwa mtupu. Mzee akasema, "Shemeji, nipumzike kidogo." Akalala juu ya mbao. Shemeji akashika mikono ya mkokoteni akaanza kutania. "Leo nimebeba bwana mkubwa! Dada, umeolewa na mzigo!" Na mama nyuma anacheka. Mkokoteni ule ni mfupi, na mzee alikuwa mrefu, kwa hiyo miguu yake ilichomoza nje. Mama akatoa kitambaa chekundu, akakipunga nyuma ya miguu ya mumewe, kwa utani, ili magari yasimgonge.

Shemeji aliongea naye njia nzima. Alimsimulia mpira. Alimuuliza kuhusu meli. Aliona hajibiwi, akasema, acha alale, amechoka.

Walipofika nyumbani mama aliingia kuchemsha chai. Ikawa tayari. Akadhani mzee ameshaamka na kuingia karakanani, akagonga ukuta na mkasi.

Akangoja. Akagonga tena. Alidhani ameshika gundi.

Shemeji ndiye aliyemwita nje.

Nilimuuliza shemeji kama anataka kusema neno redioni. Akasema, "Nilikuwa namtania mtu ambaye hayupo. Waambie tu kwamba nilimvuta polepole."

Nimewaambia.

Pikapu ilifika baada ya mazishi. Nyeupe, ndogo, viti viwili, nyuma chasisi tupu. Binti aliiendesha hadi mlangoni, na kwa kuwa haina mngurumo hakuna aliyesikia imefika. Akaingia ndani akasema, "Mama, gari la baba liko nje."

Wakasimama karakanani, mama, binti na shemeji, wanaitazama ile bodi. Binti akashika patasi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nikifungua kona mbili tu itapita. Nitairudishia vizuri."

Mama akaweka kiganja ukutani. Upande ule kuna vidoti vingi, alama za nyundo, miaka yote ya nakuja na nisubiri. Kisha akaenda upande wa pili, akakunja mapazia ya watu, akasukuma cherehani kando.

"Acha mbao za watu," akamwambia binti yake. "Bomoeni."

Shemeji ndiye aliyepiga nyundo ya kwanza. Vumbi lilipotulia, bodi ilipita katikati ya chumba cha mapazia, nzima, haijafunguliwa hata kona, ikatoka barabarani. Ikawekwa kwenye chasisi. Ikakaa sawasawa.

Palikuwa na kitanda kimoja Mzee Futi alichokiacha kimekamilika, na mteja wake anakingoja. Wakakipakia. Kikalala. Mama akatoka na kitambaa chake chekundu, akaenda nyuma ya pikapu kukifunga kwenye miguu ya kitanda. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Hakuna mguu uliochomoza. Hakuna kilichozidi. Akasimama pale nyuma ya gari, kitambaa mkononi, hana pa kukifunga.

"Mama," binti akamwita kwa upole. "Njoo mbele."

Akaja. Akakaa kwenye kile kiti. Wakaondoka kimya, na mama aliniambia kwamba njia nzima alikuwa amekikunja kile kitambaa mapajani, na kwamba walipopanda kile kilima, bila kufikiri, alinyoosha mkono akagonga mlango wa gari mara moja tu, ile ya nakuja.

Kwako mama mshona mapazia. Kwako binti. Kwako shemeji uliyemvuta polepole. Sisi sote hapa redioni tunawapa pole. Mungu amlaze mahali pema, mahali panapomtosha.

Na sisi tuliobaki tufikiri kidogo. Kama kuna mtu nyumbani kwako anaomba kitu kidogo, kisicho na makuu, cha kumpunguzia mzigo, usimwambie kila siku asubiri. Na kesho ukiwa barabarani, ukiona mkokoteni mbele yako, na nyuma yake mtu anatembea na kitambaa chekundu, usipige honi. Punguza mwendo. Kile ni kitanda cha mtu, na yule ni mke wa mtu.