Mforsadi wa Bi Mwanarusi Wahamia Tononoka

Pale Kibokoni njia inapopinda kabla hujafika msikitini, kuna baraza ya mawe iliyong'arishwa na makalio ya watu wasio na haraka. Kila siku tangu asubuhi wenyewe ni sisi. Kuna Faraj, tunamwita Redio, kwa sababu hunena tangu alfajiri na kifungo cha kumzima kilipotea kabla hajaoa. Kuna Jamaldin, tunamwita Falaki, msoma nyota; ajua mwezi utaandama lini Maskati, lakini mvua ya Mombasa humkuta kila mara kanzu yake ikiwa kambani. Kuna Tsuma, tunamwita Kreni, mtu wa bandarini Kilindini, ambaye kwake kila kitu duniani ni shehena. Kuna Chonga muuza kahawa, na dele lake juu ya jiko. Halafu niko mimi, Kamaludin, niitwaye Mabavu. Skuli niliiacha darasa la tano, mwalimu alipoanza kurudia mambo. Nayaandika haya, ya mwaka wa pili wa uhuru, kwa sababu katika wote waliokuwako siku ile, aliyefanya kazi ni mimi peke yangu. Wengine waliushikilia ukuta kwa migongo yao usije ukaanguka.

Kisa chenyewe ni Bi Mwanarusi. Mumewe kafa, warithi wameiuza nyumba, na mwenye nyumba mpya kesho yake asubuhi aleta fundi kumwaga simiti ua mzima. Bi Mwanarusi ahamia Tononoka kwa binti yake Swabaha. Hakulilia vyombo, hakulilia nyumba. Alitaka kitu kimoja tu, mforsadi ulio uwani, alioupanda marehemu kwa mkono wake. Na sisi tunaujua mti huo. Kila Ramadhani sahani ya forsadi ilitufika barazani kabla ya futari, nyeusi, zimeiva, na vidole vyetu vikabaki na rangi ya zambarau hata Idi. Basi asubuhi ile aliposimama na buibui lake akauliza nani atamhamishia mforsadi wake, wenzangu wakatazama finjani zao. Mimi nikasimama. Nikamwambia mbele ya watu kwamba nitaubeba begani, nitapita nao Kibokoni nzima hadi Tononoka, na majirani wakae madirishani wasije wakasema hawakuambiwa.

Akasema yeye atangulia kwa Swabaha kutengeneza mahali, atarudi Alasiri.

Kufika Adhuhuri nilikuwa nishaung'oa. Kreni alishauri tupunguze mzigo, nami nikayakata matawi yote kwa panga, nikayafunga matita matatu, tukampa Chonga, makaa yake yalikuwa kidogo. Mizizi ilikuwa mirefu bila sababu, nikaifupisha. Nilipovuta kwa kamba shina likapasuka katikati, si sana, kama nazi tu, nami nikalifunga kamba ileile. Nikaliegemeza barazani, juani, kila mpitaji apate kuona kazi ya mwanamume. Kijiti kimoja nilikibakisha, nikakitia mdomoni kuwa mswaki.

Kilichobaki ni kuupeleka. Na hapo ndipo ilipotakikana akili, na baraza yetu ina akili ya watu watano imegawiwa vibaya.

REDIO: Chonga, kahawa hii yanuka moshi.

CHONGA: Kuni mbichi hizi. Zataka kupulizwa.

REDIO: Basi puliza, usinitazame mimi. Asiye hili ana lile.

KRENI: Hapo hiyo methali yaingiaje?

REDIO: Yaingia kwa mlango. Wewe kunywa.

MIMI: Mimi nauchukua sasa hivi. Nileteeni mkokoteni.

KRENI: Si ulisema begani?

MIMI: Begani ni mwisho wa safari, nikifika watu waliko.

FALAKI: Leo hauendi mahali mti huu. Mwezi u ndani ya nyota ya nge. Kisafirishwacho mwezi ukiwa ndani ya nge hakirudi salama.

MIMI: Nani ataka urudi? Na huyo nge wako asubuhi alikuwa wapi, wakati miye natoka jasho?

FALAKI: Kung'oa si safari. Safari huhesabiwa kuanzia kizingitini.

MIMI: Ami Jamaldin, wewe mwaka jana ulisafiri hadi Malindi mwezi ukiwa mzuri kuliko bibi harusi, ukashuka ukaibiwa viatu.

FALAKI: Viatu havikuwa vyangu. Nyota iliyoharibika ni ya mwenyewe.

Redio akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani, kisha akajikumbusha kuwa ni mtu mzima, akakohoa.

REDIO: Nyota haina neno. Mimi lanitisha jambo jingine. Mti huu umezaliwa Kibokoni. Umelala na kuamka kwa adhana. Kule Tononoka wauweka kando ya uwanja, jioni watu elfu wapiga kelele za mpira. Utazaa nini mti huo? Utazaa ugomvi.

KRENI: Forsadi za ugomvi ni rangi gani?

REDIO: Cheka. Mkataa kwao ni mtumwa. Lazima mtu akae nao siku saba akizungumza nao kwa lafudhi ya hapa, usije ukasahau.

MIMI: Peleka mdomo wako. Siku saba kwako ni kikohozi.

REDIO: Ningekwenda, lakini nani atabaki hapa?

Kwa hilo hakuna aliyempinga. Jiko likatoa moshi wa kijani, ukapita katikati yetu, tukafumba macho sote kama watu wanaosomewa dua. Chonga akavunja tita la pili gotini.

KRENI: Nyinyi hamjui kusafirisha. Mimi nimeona kwa macho yangu, meli imetoka Ulaya imejaa miche, sanduku juu ya sanduku, siku ishirini na tano baharini, na haukufa hata mmoja. Wajua siri yake?

MIMI: Sema.

KRENI: Haikuambiwa inakokwenda.

MIMI: Ati nini?

KRENI: Haikuambiwa. Mti ukijua wahamishwa, hununa. Sisi hapa tangu asubuhi Tononoka, Tononoka, nao wasikia. Huoni ulivyonywea?

Tukalitazama shina. Kweli lilikuwa limenywea. Lakini mtu yeyote akikatwa kichwa na miguu akawekwa juani kwa saa mbili, atakuwa na uso huo.

MIMI: Kreni, wewe ukipewa mtoto umbebe utamfunga mnyororo umwinue kwa winchi.

KRENI: Na hataanguka. Samaki mkunje angali mbichi.

FALAKI: Nyamazeni niwaambie la maana. Kufa si tatizo. Tatizo ni kurudi.

REDIO: Nani arudi?

FALAKI: Mti. Wa ami yangu ulirudi. Mforsadi kama huu. Aliung'oa kwake, akaupeleka Likoni kwa feri, mimi nikiwa nimekaa juu yake. Kule ukakauka, ukafa. Mwaka wa pili, tazama, mforsadi umeota uwani kwake palepale, nyuma ya banda la kuku, mkubwa, una matunda.

KRENI: Ulirudi kwa feri?

FALAKI: Sijui ulirudi kwa nini. Najua ulirudi. Na hapo nyuma ya banda hakuna aliyepanda kitu. Palikuwa pamechomekwa vijiti tu, vile alivyovikata mtini kabla haujasafiri, kuwazuilia kuku.

Redio akashusha finjani. Hata mimi, niliyemaliza kuamini mambo nikiwa na miaka kumi, nywele zilinisisimka kidogo shingoni.

REDIO: Vijiti ndivyo vilivyouita.

FALAKI: Ndivyo hasa. Mti hufuata vijiti vyake. Ukiacha hata kimoja hapa, Bi Mwanarusi atapanda Tononoka, nao utarudi Kibokoni uje upasue simiti ya watu, tupelekwe kortini.

KRENI: Basi vichomwe vyote.

FALAKI: Vichomwe, kisibaki kitu. Dawa ya moto ni moto.

Hii ilikuwa mara ya kwanza tangu nizaliwe baraza ile kukubaliana. Chonga hakungoja kuambiwa mara ya pili. Tita la tatu likaingia jikoni zima, moshi ukatupanda, dele likachemka kwa hasira, naye akatumiminia duru nyingine. Ilikuwa chungu, na ina harufu kama shuka iliyoungua. Tukainywa. Redio akasema ni kahawa bora aliyopata kuinywa tangu uhuru, na tukamwachia.

Ndipo akaja mtu. Namjua kidogo tu. Ni Kaingu, atunza bustani ya nyumba moja ya Wazungu kule Ganjoni. Miguu ina udongo mpaka magotini na gunia tupu begani. Huja Kibokoni siku mojamoja kununua tumbaku.

KAINGU: Masalkheri wazee.

SOTE: Masalkheri. Karibu.

KAINGU: Naomba finjani moja, ndugu yangu. Mwachoma nini, mbona moshi mpaka msikitini?

MIMI: Twahamisha mti. Huo hapo. Nimeung'oa mimi, peke yangu, kwa muda ambao wewe ungekuwa bado watafuta jembe.

Kaingu akachutama mbele ya shina. Akaligusa mpasuko. Akalikwaruza gamba kwa ukucha, akautazama ukucha. Akaigeuza ile mizizi niliyoifupisha kama daktari anayemgeuza mtu ambaye jamaa zake wako chumba cha pili.

KAINGU: Huu ni mforsadi.

REDIO: Twajua ni mforsadi. Mwaka wa ishirini twaula.

KAINGU: Na ni wa nani?

FALAKI: Wa Bi Mwanarusi. Aupeleka Tononoka. Kumbukumbu ya marehemu.

KAINGU: Gogo hili halitashika, wazee. Limepasuka hata moyoni, na mizizi haina hata unywele.

REDIO: Mgeni kaja na visirani. Wewe ungefanyaje?

KAINGU: Mimi? Muhogo hupandwa vipi?

KRENI: Sasa muhogo waingiaje? Twazungumza mforsadi.

KAINGU: Nauliza tu. Muhogo hupandwaje?

Ajabu ni kwamba muhogo twaula hapo barazani kila jioni, wa kuchoma, na pilipili na ndimu. Hata Falaki ajua. Akajibu polepole, kama mtu ashukaye ngazi gizani.

FALAKI: Wakatwa kijiti. Wachomekwa.

KAINGU: Basi na forsadi ni hivyohivyo. Gogo halina kazi, ungeliacha lizikwe na hiyo simiti. Wachukua kijiti kimoja cha marehemu, wakichomeka huko, na mti ni uleule. Ukiwa navyo mia, wapata miti mia. Sasa vijiti vyake mmeviweka wapi?

Akawa atazama huku na huku, chini ya baraza, nyuma ya gogo. Sisi hatukutazama popote. Redio, ambaye sijapata kumwona ameziba mdomo isipokuwa kwa tonge, alikuwa amefumba midomo kama mtoto anayekataa dawa. Kreni akavihesabu vidole vyake vya miguu. Jikoni kijiti kimoja kikapasuka, pa, kikatoa cheche, na Kaingu akageuka akalitazama jiko. Akalitazama muda mrefu. Kisha akaitazama finjani aliyokuwa nayo mkononi, akaiweka chini kwa adabu, bado imejaa.

FALAKI: Wa ami yangu...

MIMI: Nyamaza, ami.

Na adhana ya Alasiri ikaanza, na Bi Mwanarusi huyo, aja kwa mwendo wa mtu mwenye habari njema. Ameshika kopo la maji. Hakuketi.

BI MWANARUSI: Shimo tayari. Swabaha kalimwagia maji tangu asubuhi, na samadi ya mbuzi tumetia. U wapi mforsadi wangu, mwanangu?

Ningeweza kumwonyesha gogo. Nilifikiri hivyo, naapa. Ningelibeba begani kama nilivyosema, nikampandia, na kabla halijaoza ningekuwa nishampata wa kumlaumu. Nge alikuwa tayari. Lakini Kaingu alikuwa akinitazama mdomoni. Si macho, mdomoni. Nikakumbuka.

Nikautoa mswaki. Ulikuwa umebaki na urefu wa kidole changu cha kati, upande mmoja nimeutafuna umekuwa brashi.

Kaingu akaupokea, akaufuta kwa shati lake, akausogeza karibu na uso.

KAINGU: Lipo jicho hapa, la kuchipulia. Na jingine hapa, dogo. Uliposaga pakatwe. Kichomekwe leo hii kabla ya Magharibi, kisipigwe jua, maji asubuhi na jioni. Huenda kikakubali.

BI MWANARUSI: Huo ndio mforsadi wangu?

Kaingu akaitikia kwa kichwa.

BI MWANARUSI: Na mwingine wote?

Chonga, ambaye mchana kutwa hakusema maneno kumi, akaliinua dele akalipindua. Likatona tone moja la mashapo juu ya mawe. Kahawa ilikuwa imekwisha.

MIMI: Tumeunywa, Bibi.

Alinitazama mimi, akawatazama wao, akalitazama jiko ambalo sasa lilikuwa jivu jeupe. Nilingoja matusi. Nayajua matusi ya Kibokoni, nimelelewa nayo, mtu hupona. Hakunitukana. Akakata kipande cha pindo la leso yake kwa meno, akakichovya kwenye kopo, akakizungushia kile kijiti taratibu, kama afungaye kidonda cha mtoto mchanga. Kisha akanipa.

BI MWANARUSI: Twende. Asubuhi na jioni utakuja wewe kukinywesha, kwa miguu, mpaka kitoe jani. Na ukishike mkononi, usikitie mdomoni.

Wenzangu wakainuka wote pamoja kwenda kusali, hata Redio, ambaye Alasiri kwa kawaida humkuta katikati ya sentensi. Mimi nikamfuata Bi Mwanarusi. Majirani walikuwa madirishani, maana niliwaambia mwenyewe wakae. Nikapita Kibokoni nzima nimeubeba mforsadi, kama nilivyoahidi, kwa vidole viwili.