Kishikwambi cha Punguzo na Watu wa Kungoja

Kijiwe chetu cha Misunkumilo kiko ubavuni mwa mashine ya kusaga, mahali ambapo ukikaa kidogo tu unaondoka na nyusi nyeupe hata kama hukuleta mahindi. Benchi ni ubao mmoja wa mninga uliolazwa juu ya matofali, na hekima yote ya Mpanda hukaa hapo, au ndivyo inavyojiambia. Mama Esteria anachemsha kahawa kwenye birika jeusi, anatia tangawizi mpaka koo linaomba radhi, na hamuungi mkono mtu yeyote ilimradi vikombe vyake virudi. Wanawake hupita hapo wakisalimia, hawakai. Mimi hukaa. Likizo hii ya chuo nimekaa mara nyingi mpaka wameacha kunishangaa, wameanza kunibishia, na kwangu huo ni ushindi.

Ila Ijumaa ile sikwenda kushinda. Nilitumwa. Mama yangu, Vénérande, ndiye msomaji wa somo la kwanza katika kigango chetu tangu mimi sijazaliwa. Macho yake yamechoka. Daktari amempa miwani akasema haina kaka yake, hakuna kali zaidi ya hiyo, kilichobaki ni maandishi makubwa. Na kitabu cha masomo hakijui kukuza maandishi. Jumapili iliyopita alisimama mimbarini, akafungua ukurasa asiouona, akatusomea Isaya kwa kichwa, tena Isaya wa Jumapili nyingine kabisa. Watu wakaitikia "Tumshukuru Mungu" kama kawaida. Kwetu msomaji akiwa mimbarini hasahihishwi. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mwana wanje, mwanangu, kama Jumapili hii inayokuja sioni, nakabidhi kitabu." Aliyasema kama mtu anayehama nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Mjini, dukani kwa Emelyne, kulikuwa na kishikwambi cha toleo la zamani kidogo, kimeshushwa bei kwa kuwa toleo jipya linakuja. Pesa ya karanga ilitosha. Emelyne alikubali kutuwekea mpaka jioni. Baada ya hapo angemuuzia mteja mmoja kutoka Kasekese. Ningeweza kwenda kukinunua tu, yakaisha. Lakini mama hanunui hata kuku bila kuuliza majirani. Akanituma kwa "wanaume wanaojua vitu," na akaniapisha nisitaje macho yake, hasa mbele ya Severini, ambaye yumo katika kamati ya kigango. Mimi, niliyewahi kuwanyamazisha wanafunzi wa sheria kwenye mdahalo mbele ya ukumbi mzima, naenda kuomba ruhusa ya kununua kioo kwa watu ambao simu zao zimefungwa kwa raba!

Walikuwapo watatu. Luhende, jina la kijiweni Toleo, kijana aliyeuza pikipiki yake ili angoje toleo jipya, na tangu hapo anatembea kwa miguu. Gratien, jina la kijiweni Mzinga, mfugaji nyuki ambaye kila jambo la dunia hii hulipeleka kwanza msituni Ugalla likaumwe na nyuki. Na Severini mwenyewe, Kamati.

Mimi: Shikamooni. Nina swali. Kuna kishikwambi cha zamani kidogo, kina punguzo. Kipya kinakuja mwezi ujao. Ninunue au ningoje?

Toleo: Ngoja.

Mimi: Sijamaliza.

Toleo: Na mimi sijaanza. Ngoja, dada Lidia! Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mimi: Hiyo methali inakusema wewe. Maana yake mtu hufurahia kipya hata kikimuumiza.

Toleo: Si ndiyo sasa! Kiniumize, lakini kiwe kipya.

Mama Esteria: Luhende, hiyo pikipiki mpya imeshafika?

Toleo: Haijafika, mama. Ila nishanunua helmeti.

Kamati: Tulitazame jambo kwa utaratibu. Punguzo ni nini? Mtu kapunguza bei. Kwa nini apunguze? Kwa sababu kuna kitu kingine alishakipunguza ndani.

Mimi: Kitu gani, baba Severini?

Kamati: Betri. Wanaikata nusu.

Mimi: Ushahidi?

Kamati: Ushahidi utauonaje na betri iko ndani?

Mimi: Kwa hiyo ushahidi wako ni kwamba hauonekani.

Kamati: Safi sana. Umeelewa haraka. Chuo kinakusaidia.

Mzinga: Nyie mnapoteza muda wa mtoto. Mimi nasema achukue cha zamani. Ukitundika mzinga mpya kule Ugalla, nyuki wanaupita kama wanapita kituo cha polisi. Unanuka mbao. Mpaka uupake nta ya zamani ndipo wanatua. Mzinga uliokwisha kukaliwa ndio wenye asali.

Toleo: Kwa hiyo akipake nta hicho kishikwambi?

Mzinga: Nani kasema akipake? Nasema cha zamani mtandao unakijua. Kipya, mtandao unakizunguka, unaogopa kutua.

Toleo: Aisee! Ndiyo maana simu mpya ya shemeji haishiki kule Kasekese!

Mzinga: Umekubali.

Toleo: Sijakubali, bana. Nimeshangaa tu.

Kidogo nitabasamu. Upande wa Mzinga ndio niliokuwa nautaka, ila hoja yake ilikuwa na miguu sita na mwiba. Nikajaribu kuiokoa.

Mimi: Baba mdogo Gratien anachosema ni kwamba kitu kilichokwisha kutumiwa na watu wengi, kasoro zake zinajulikana. Hiyo ni hoja.

Mzinga: Hapana. Ninachosema ni nyuki.

Kamati: Na kuna jambo hamlijui. Kipya kikitoka, vya zamani wanavizima. Kutoka juu.

Mimi: Juu wapi?

Kamati akainua kikombe kuelekea mbinguni, kahawa ikamwagikia mkono wa shati.

Kamati: Kuna swichi.

Mimi: Moja kwa dunia nzima?

Kamati: Usiwe mtoto. Kila wilaya na yake. Wataanza na ya Wilaya ya Tanganyika, halafu waje huku.

Toleo: Sasa si bora kipya! Nasikia hicho kipya hakina hata kioo. Unakunjua mkono hivi, picha inatua kiganjani.

Mzinga: Na ukinawa?

Toleo: Inakuwa safi zaidi.

Mzinga: Na chaji?

Toleo: Kinachaji kwa sauti. Ukiongea tu, kinajaa.

Mama Esteria: Msikilete hapa. Kitaungua.

Nilisimama. Nina kawaida hiyo: nikikasirika miguu hunyanyuka kabla ya mdomo.

Mimi: Taarifa! Naomba mnijibu kwa kunyoosha mkono. Nani hapa amewahi kushika kishikwambi?

Kamati akanyoosha.

Mimi: Lini?

Kamati: Wakati wa sensa.

Mimi: Ulikuwa karani?

Kamati: Nilihesabiwa nacho.

Mimi: Kuhesabiwa si kushika, baba Severini.

Kamati: Yule karani alinipa nimshikie akifunga kamba ya kiatu. Na nilihisi uzito. Kikulacho ki nguoni mwako. Kile kitu kinakula bando hata kikiwa mkobani, usiku na mchana, kama kupe.

Toleo: Hapo sasa umeongea, mzee. Cha kuvunda hakina ubani.

Mimi: Hiyo inahusianaje?

Toleo: Haihusiani. Ila inatisha.

Simu yangu ikalia. Ujumbe wa Emelyne: "Yule wa Kasekese amefika. Pesa anayo mkononi. Nimpe?" Nikausoma kwa sauti, maana nilidhani utawatia haraka. Ewe Lidia, na kusoma kwako kote.

Kamati: Mwambie amwambie huyo mteja arudi Jumatatu. Sisi hatujafikia maamuzi.

Mzinga: Mnaona? Ukiona nyuki wa pili anazunguka, ujue mzinga ni mtamu.

Toleo: Mwache achukue! Ndiye atakayezimiwa swichi.

Mimi: Jumatatu ni mbali!

Kamati: Mbali kwa nani? Chuo si mpaka mwezi ujao? Unakimbilia nini, binti?

Nina majibu ya kila swali, lakini jibu la lile lilikuwa la mama, wala si langu kulitoa. Nikabaki nimesimama na simu mkononi. Ajabu ni kwamba Severini hakufurahia kunishinda. Alitazama ndani ya kikombe chake kama mtu aliyeangusha kitu humo.

Ndipo nikamwona mama. Alikuwa anakuja kandokando ya ukuta wa mashine ya kusaga, vidole vyake vikiugusa ukuta, kitenge cha Jumapili kiunoni na ni Ijumaa. Alichoka kuningoja nyumbani.

— Tumsifu Yesu Kristo, akasema.

— Milele amina! Wote watatu wakasimama. Toleo akafuta unga kwenye benchi kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kufanyiwa.

Mama: Lidia, wamesemaje?

Mimi: Bado wanasema, mama.

Mama: Basi niwaulize mwenyewe, maana nyie ndio mnaojua. Hicho kipya tunachoambiwa tukingoje, kitafika kabla ya Jumapili?

Wakatazamana.

Toleo: Jumapili… hii?

Mama: Hii ya kesho kutwa. Kishikwambi si cha chuo. Ni changu. Sioni tena kitabu, wanangu. Jumapili iliyopita sikuwasomea. Niliwasemea ya kichwani.

Nikamtazama Severini. Nilikuwa nimeshaandaa hoja tano za kumtetea mama, moja ikiwa kali kupita kiasi na yenye kutaja watu kwa majina. Severini akavua kofia.

Kamati: Tunajua, dada.

Mama: Mnajua? Nyie na nani?

Kamati: Kigango kizima. Katekista alikuwa anafuatilia kwenye kitabu chake. Ulipoanza tu, akakifunga akakikalia.

Mama: Na kamati je?

Kamati: Tulikaa. Tukabishana sana. Hatukufikia maamuzi.

Mama: Ya kuniondoa?

Kamati: Kukuondoa! Nani angethubutu? Tulibishana nani aje akuambie kwamba usiache. Kila mmoja anasema nenda wewe, nenda wewe. Tunakujua, ungeona aibu ukakabidhi kitabu siku hiyohiyo. Basi tukaona tunyamaze, utusomee hivyohivyo. Isaya ni Isaya tu, dada. Hata huyo wa Jumapili nyingine tulikuwa tunamhitaji.

Mama alishika ncha ya kitenge akaipangusa miwani, ingawa sote tuliona kwamba kilicholowa si miwani. Nami nilibaki na hoja zangu tano, hazina pa kwenda. Juma zima tulikuwa tumefunga mlango kuzuia kitu ambacho kilikuwa kimeshakaa ndani, kimenyamaza kwa adabu.

— Sasa mbona hamnijibu, mama akasema. Kitafika?

Toleo akatazama barabara, kana kwamba huenda kikatokea huko kikiwa juu ya pikipiki yake. Kamati akafungua mdomo, akakosa utaratibu. Mzinga alikwenda Ugalla, nilimwona kabisa usoni anakwenda, akarudi mikono mitupu.

Mzinga: Shemeji, hilo sisi hatulijui.

Ndiyo mara ya kwanza nasikia sentensi hiyo kwenye kijiwe kile. Mama Esteria akageuza birika juu chini, likatoa tone moja na kipande cha tangawizi.

Mama Esteria: Kahawa imeisha. Lidia, mpigie Emelyne. Na nyie watatu, mmoja amshike dada mkono, barabara ina mashimo.

Nilipiga. Nilisema "usimpe" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tukaenda wote, Severini amemshika mama kiwiko, Toleo mbele akitangaza mashimo, Mzinga nyuma akieleza jambo ambalo hakuna aliyemsikiliza.

Dukani, mteja wa Kasekese alikuwa ameegemea kaunta, hana furaha. Emelyne hakubishana naye. Alikiwasha kishikwambi, akatafuta somo la Jumapili, akamwekea mama mikononi na kumwonyesha: vidole viwili hivi, unavitanua. Mama akavitanua kwa woga, kama anayefungua jicho la mtoto aliyelala. Maandishi yakakua. Akavitanua tena. Neno "Yerusalemu" likajaa kioo kutoka ukingo mpaka ukingo, akacheka peke yake, kicheko kifupi cha puani ambacho sikuwa nimekisikia tangu nirudi likizo.

Kisha akasimama vizuri, kama yuko mimbarini, akaanza kusoma. Yule wa Kasekese akaacha kuegemea kaunta.

Mstari wa tatu alikosea neno. Akasimama. Akasogeza uso karibu, akarudi nyuma, akalisoma upya, safari hii sawasawa, akaendelea mbele.

Jumapili iliyopita hakukosea hata neno moja. Mtu anayesoma kwa kichwa hatazami, basi hana anachoweza kurudia. Kosa lile moja, pale mbele ya kaunta ya Emelyne, ndilo lililonikalisha kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Mama alikuwa anaona.